Mlango Uliokawia

Eleuterio Huallpa aliingia na vumbi la mgodi kwenye kope,
kofia ya chuma kwapani, mtoto kifuani pa mkewe.
Miezi minane. Akinyonya hutoka jasho, huacha ziwa, hulala.
Jina lake Wayra, yaani upepo, kwa Kikechua,
na hapa Potosí upepo ni mwingi,
hewa ndiyo haba.

Nilimpaka mafuta baridi. Alinitazama kama anayenidai.
Nikaweka kipimo katikati ya mbavu,
na kwenye kioo cha mashine moyo ukatokea,
kijivu juu ya weusi, ukihangaika.

Wahenga walisema moyo wa mwenzio ni msitu wa giza.
Mimi huuingia msitu huo kila siku saa mbili asubuhi,
na ninachokuta ni nyumba.
Vyumba vinne, ukuta katikati,
wa kulia hawasalimiani na wa kushoto.
Huku damu chovu, rangi ya zabibu, inarudi kutoka mwilini,
inateremka chumba cha chini, inatumwa mapafuni kuomba hewa;
kule inarejea nyekundu, imeshiba,
na chumba cha chini kushoto, chenye ukuta mnene kuliko vyote,
kinaikamua mpaka utosini, mpaka kwenye kucha za miguu.
Vali ni milango ya upande mmoja:
umekwisha pita, hakuna kurudi.

Tulipokuwa tumboni, mapafu yamelala,
tulikuwa na kijilango cha ziada, uchochoro tu,
kati ya mshipa wa mapafuni na mshipa mkuu.
Damu ilikatiza humo. Kwa nini ikagonge
nyumba ambayo bado haijahamiwa?
Kisha mtoto analia, hewa inaingia,
na uchochoro, ukiisikia, unajikunja, unajifunga,
unabaki kamba.
Mimi na wewe tunayo kamba hiyo.

Ila huku juu, mita elfu nne kutoka usawa wa bahari,
hewa huingia kwa kunong'ona.
Wakati mwingine mlango hausikii.

Haya nilimweleza Eleuterio. Akanyamaza.
Nikampa kifaa cha masikioni, nikakigusisha
chini ya mtulinga wa kushoto wa binti yake.
Akafumba macho. Akasikiliza kuliko daktari yeyote.
"Kompresa," akasema.
"Kompresa yetu ya ngazi ya tatu, ile yenye mpira uliotoboka.
Haipumziki. Ikivuta inanguruma, ikisukuma inanguruma,
na mwisho wa bomba watu hawapati hewa."

Miaka kumi na tisa nasoma mioyo;
sikuwahi kusikia mmoja ukisomwa hivyo.

Casilda, mama mtoto, alikuwa akikunja nepi. Hakuuliza kitu.
Wote walikwisha mwambia apige moyo konde.
Nikaitazama ngumi ya Wayra, imefumba, ndogo kama forosadi.
Moyo wa mtu, tulifundishwa, hulingana na konde lake.
Wake ulizidi. Ulikuwa umetanuka kwa kazi,
unasukuma damu ile ile mara mbili,
kama mtu anayechota kwa ndoo iliyopasuka kitako
na hakuna anayemwambia.

Waliteremka Sucre kwa basi la saa kumi na moja alfajiri.
Huko waya mwembamba ulipandishwa kutoka pajani,
na nchani mwake kizibo kilichokunjwa kama mwavuli.
Dakika arobaini. Sikuwepo, nilisimuliwa.

Juni wakarudi. Wayra ana mashavu, ana meno mawili,
anang'ata waya wa mashine yangu.
Eleuterio akaomba kifaa kabla sijasema karibu.
Ndu-du. Kimya. Ndu-du. Kimya.
Akakunja uso.
"Hapa katikati inazimika," akasema.
"Haizimiki. Hapo katikati ndipo moyo unapojaa,
ndipo na wenyewe unapokula."

Akakisikiliza hicho kimya.
Foleni mlangoni ikangoja.